Kalamu ya kuitetea dini hulipiwa na nani?

Vijana wa darasa letu la Jumamosi wametuletea swali ambalo wazee wengi hulikwepa: je, wanaoandika vitabu vya kuutetea Uislamu hulipwa? Na kama hulipwa, fedha hizo hutoka mfuko gani?

Katika nchi zetu hizi, aghalabu mwandishi wa namna hiyo amekula kwa kazi nyingine. Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy alikuwa mwalimu na mkaguzi wa shule Unguja, kisha kadhi, na hatimaye Kadhi Mkuu wa Kenya. Tafsiri yake ya Qur'ani aliifanya kando ya majukumu hayo. Gharama ya kuchapa ni jambo jingine, na hapo ndipo penye somo. Tafsiri ya Kiswahili iliyotangulia, ya mwaka 1923, ilikuwa ya kasisi Godfrey Dale wa misheni ya Waanglikana, ikachapwa London. Iliyofuata, ya mwaka 1953, ilitolewa na misheni ya Ahmadiyya. Ya Sheikh Farsy ikatoka kamili mwaka 1969 kwa mkono wa Islamic Foundation ya Nairobi, na ndani yake anawajibu waliomtangulia. Kila moja ilikuwa na taasisi nyuma yake. Elimu peke yake hainunui karatasi.

Wala si jambo geni. Rahmatullah Kairanawi, baada ya mdahalo wake na mmisionari Pfander mjini Agra mwaka 1854, aliandika Idh-har al-Haqq akiwa Istanbul, kwa matakwa ya Sultani. Kitabu hicho ndicho kilichomwamsha Ahmed Deedat, kijana wa dukani huko Afrika Kusini aliyekuwa akisumbuliwa kwa maswali na wanafunzi wa misheni. Kituo alichokiasisi na wenzake Durban mwaka 1957 kilisambaza vijitabu bure, kwa michango ya Waislamu, na baadaye fedha za Ghuba nazo zikaingia. Wahadhiri wetu wa Tanzania waliokuja baadaye hawakuwa na kituo kama hicho. Waliishi kwa nauli waliyopewa na wenyeji, mchango wa mwisho wa mhadhara, na kanda walizouza pembeni ya jukwaa. Anayedhani walitajirika hajapata kuwaona wakisubiri basi.

Kwa upande wa sheria, hoja zipo pande mbili. Masahaba waliomsomea Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na nge walipewa kondoo, na Mtume (S.A.W.) akawakubalia. Lakini Ubada bin Samit, aliyefundisha Qur'ani akazawadiwa upinde, alionywa vikali. Imamu Abu Hanifa alikataza ujira wa kufundisha Qur'ani, ingawa wafuasi wake wa baadaye waliuruhusu kwa dharura. Mashafii, ambao ndio wengi wetu, wanauruhusu. Basi ujira wa mwandishi hautusumbui sana. Kinachotusumbua ni sharti linalofuatana na ujira.

Tuseme wazi kilichotufikisha hapa. Ustadhi mmoja kijana ameandika kijitabu cha kujibu vipeperushi vinavyogawiwa sokoni hapa Moshi. Ni andiko la adabu na lenye dalili. Akajitokeza mfadhili wa kulipia nakala zote, pamoja na posho ya mwandishi, ila alitaka iongezwe sura ya kuwakejeli Wakristo, maana, kwa maneno yake, kitabu cha upole hakisomwi.

Mfadhili huyo haishi huku mlimani. Machame, Kibosho, Uru hadi Marangu, kihamba kimoja huwa na shangazi Mlutheri, mjomba Mkatoliki na mpwa anayeswali. Desemba wote hupanda kutoka mijini, na huyo mpwa ndiye huitwa kumchinja mbuzi ili kila mtu ale bila wasiwasi. Kijitabu hicho kitawekwa mezani katika nyumba hizo. Shangazi akifungua ukurasa akakuta hoja, atabishana, na pengine atafikiri. Akikuta kejeli, mbuzi wa mwaka ujao atachinjwa na mwingine, na mlango wa kumweleza dini utakuwa umefungwa kwa fedha za mtu asiyemjua. Wenzetu Walutheri, ambao wana kiwanda chao cha uchapaji hapa hapa mjini, bila shaka nao wanayajua masharti ya wafadhili wa mbali.

Kamati imekikataa kifungu hicho cha ziada, na posho nayo ikaondoka. Badala yake tumependekeza chumba kimoja cha kupangisha katika jengo la msikiti kiwekwe wakfu kwa ajili ya machapisho: kodi yake ilipe kwanza mwandishi, kisha mchapaji, na hesabu ibandikwe ubaoni kila mwisho wa mwezi. Wapo wajumbe wanaosema chumba hicho ni cha mshahara wa mwalimu wa madrasa, nao wana haki ya kusikilizwa, kwani mwalimu huyo anadai miezi miwili. Shauri litapelekwa kwa waumini baada ya Swala ya Ijumaa ijayo. Akina mama nao waje, kwa sababu wao ndio watakaokaa na shangazi jikoni.