Sibiloi Si Ughaibuni

Wahenga walinena, tembea uone. Mkenya wa leo hutembea, ila aghalabu miguu yake humpeleka kulekule: Maasai Mara kutazama nyumbu wakivuka mto, au Mombasa kuoga baharini. Akitajiwa Mbuga ya Kitaifa ya Sibiloi, huenda akauliza iwapo iko Kenya. Kule kaskazini nako, msafiri anayeelekea Nairobi amezoea kuaga kwa kusema kwamba anakwenda Kenya. Watu wa nchi moja wanatazamana kama wageni.

Sibiloi imo katika Kaunti ya Marsabit, kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Turkana, zaidi ya kilomita 700 kutoka Nairobi. Ina ukubwa wa kilomita 1,570 za mraba. Ingawa wamo punda milia, nyamera, viboko na mamba, mbuga hii ilianzishwa mwaka 1973 hasa kwa ajili ya kulinda visukuku. Ni huko Koobi Fora ambako Mkenya Bernard Ngeneo, mwaka 1972, aliviona vipande vya fuvu lililopewa nambari 1470, la kiumbe wa ukoo wa binadamu aliyeishi takriban miaka milioni 2 iliyopita. Inasikitisha kwamba wageni huvuka bahari kuja kuitazama asili ya binadamu, ilhali mwanafunzi wa Kenya huisoma kitabuni tu, akaikariri kwa ajili ya mtihani.

Wapo watakaodai kuwa njia ni mbovu na gharama ni kubwa. Hawasemi uongo. Lami hufika Marsabit mjini na kuendelea hadi Moyale. Anayeiacha na kushika njia ya North Horr hukumbana na mawe na mchanga. Anahitaji gari imara, mafuta na maji ya akiba, mwenyeji anayeijua njia, na habari za hakika kuhusu usalama. Hata hivyo, umbali huo haukuletwa na maumbile pekee. Kuanzia sheria ya kikoloni ya mwaka 1902, wilaya za kaskazini zilifungwa, ikawa haziingiliki bila kibali. Baada ya uhuru, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo katika maeneo yenye rutuba na mvua. Kaskazini ikasalia nyuma.

Fauka ya hayo, mgeni asidhani kwamba anakwenda kwenye nyika isiyo na wenyewe. Wadaasanach na Wagabra wanaishi kando ya mbuga hiyo na mifugo yao. Kiangazi kinapokaza, malisho ya Sibiloi na maji ya ziwa huwa tofauti baina ya uhai na kifo cha mifugo hiyo. Kumwita mfugaji mvamizi pasipo kumuuliza kisa chake ni kuhukumu kwa kusikia upande mmoja. Anayezuru kwa ajili ya mifupa ya kale pekee, akampita aliye hai bila salamu, ameona nusu tu.

Suala hili si la starehe. Mbuga hiyo, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997, ilitiwa mwaka 2018 katika orodha ya urithi ulio hatarini, hasa kwa sababu ya bwawa la Gibe III nchini Ethiopia. Bwawa hilo limejengwa kwenye Mto Omo, ambao hulipa ziwa sehemu kubwa mno ya maji yake. Je, ni nani atakayelitetea ziwa ambalo hajapata kuliona?

Vyama vya Kiswahili vyuoni huona fahari kufunga safari za Lamu na Mombasa, na ni haki yao. Lakini lugha inayoitwa ya taifa haina budi kulifikia taifa zima. Safari moja ya kaskazini, wanafunzi wakaketi na wenyeji na kuzungumza nao kwa Kiswahili, itafunza zaidi ya mihadhara mingi kuhusu umoja. Mwacha asili ni mtumwa. Na asili yenyewe, kwa Mkenya na kwa binadamu wote, imelala katika mchanga wa Sibiloi.