Mke wa Askari ni Mwanaparokia Tangu Siku ya Kwanza



Katika milima hii ya Buha, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, lipo kundi la waamini ambalo ni rahisi kulisahau. Ni wake wa askari. Wapo wanaoishi jirani na Mtabila, eneo lililokuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012, na ambako leo kuna kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa. Wapo walio Kanembwa, katika Wilaya ya Kakonko iliyomegwa kutoka Kibondo. Wengine wamepanga vyumba mjini. Jumapili utawaona kanisani, mara nyingi kwenye mabenchi ya nyuma, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Lakini fungua daftari la jumuiya: mara nyingi majina yao hayamo. Ukiuliza, utajibiwa, “Hao ni watu wa kambini, leo wapo, kesho wamehamishwa.”

Hoja yetu ni moja. Mama huyu si mpita njia. Ni mwanaparokia tangu siku anaposhusha mizigo yake, na parokia inayomsubirisha inamnyima haki yake.

Tuanze na maisha yake yalivyo. Huenda amezaliwa Tarime, au Masasi, au Kondoa. Anafika Kasulu mwezi Julai, usiku una baridi asiyoijua, na sokoni wanawake wanasalimiana “Mwakeye” naye hajui aitikieje. Mume anaondoka alfajiri kwenda paredi, na kuna siku harudi kwa sababu ya zamu. Mama hana shamba la ukoo hapa. Anakodi kipande, anapanda maharage, na anaomba Mungu barua ya uhamisho isije kabla hajavuna. Anajaribu biashara ndogo: vitumbua asubuhi, dagaa na mawese jioni. Wateja wanapoanza kumzoea, barua inafika. Magodoro, masufuria na kabati vinapandishwa kwenye Fuso, na mtoto wa darasa la nne anahamia shule ya tatu tangu aanze la kwanza. Nyumba ya kambini ni ya kazi, si yake. Mama mkwe yuko mbali na mama mzazi yuko mbali. Akijifungua usiku, atakayemshika mkono ni jirani aliyemfahamu miezi miwili.

Halafu kuna ile safari ambayo wake wa askari huitaja kwa sauti ya chini: misheni. Mwaka 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kikosi maalumu cha kupambana na waasi mashariki mwa Kongo, na Tanzania ikapeleka askari wake pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Mwezi Julai mwaka huohuo askari 7 wa Tanzania waliuawa Darfur, nchini Sudan. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani ya Semuliki, katika eneo la Beni, ilishambuliwa, na askari wasiopungua 14 wa Tanzania walipoteza maisha. Habari za namna hiyo huwa na saa zake za giza. Redio inatangaza idadi kabla ya majina. Katika kila nyumba ya askari aliyeko misheni, mke anapiga simu isiyopokelewa, huku watoto wanauliza kwa nini mama hajala.

Hapa kwetu jambo hili lina sura ya pekee. Nyarugusu, ndani ya Wilaya ya Kasulu, kuna kambi iliyowapokea Wakongo tangu mwaka 1996. Basi milima hiihii inabeba wanawake waliokimbia vita vya Kongo na wanawake ambao waume zao huenda wakatumwa kwenye vita hivyohivyo. Wanaweza kukutana kwenye gulio moja, wakinunua ndizi kwa muuzaji mmoja. Kwa mkimbizi kuna mashirika yanayouliza habari zake, na ni vizuri iwe hivyo. Kwa mke wa askari, mwenye kuuliza ni nani, kama si jumuiya?

Lakini anapofika jumuiya mara nyingi hukutana na utaratibu mgumu. Ameleta mtoto abatizwe. Anaulizwa barua ya jumuiya. Hana, kwa kuwa hajaandikishwa. Anaomba kuandikishwa, anaambiwa ahudhurie kwanza miezi sita, alete kadi ya zaka, alete barua kutoka parokia aliyotoka, ambako nako alikaa mwaka mmoja tu. Anaambiwa pia amsubiri baba wa mtoto arudi kutoka misheni. Miezi inapita. Mtoto anaanza kutembea hajabatizwa, na mama, kwa aibu, anaanza kuikwepa Misa. Wengine huishia kwenye nyumba ya ibada ya jirani iliyompokea siku ileile bila kumwuliza karatasi. Baadaye jumuiya husema, “Tulijua tu, hawa si watu wa kudumu.”

Sheria ya Kanisa inasemaje? Ndugu mafrateri tunaosoma Sheria za Kanisa za mwaka 1983, tusiziache darasani. Kanuni ya 102 inatambua makazi ya aina mbili. Ya kwanza ni ya kudumu. Ya pili ni ya muda, na hupatikana mtu anapoishi katika parokia akiwa na nia ya kukaa walau miezi mitatu, kama hakuna kinachomwita kwingine, au anapokuwa amekwisha kukaa miezi hiyo. Kanuni ya 107 inaongeza kwamba kwa makazi ya aina yoyote kati ya hizo mbili, mwamini anampata paroko wake. Askari aliyehamishiwa Kasulu hakuja kulala usiku mmoja. Amekuja na familia kwa nia ya kukaa, basi tangu siku hiyo mke wake ana paroko. Tena kanuni ya 104 inaruhusu mwanandoa awe na makazi yake mwenyewe panapokuwa na sababu ya haki. Kwa hiyo hata mume akiwa Beni, mama huyu anabaki kuwa mwanaparokia kamili hapa alipo.

Kuhusu ubatizo, kanuni ya 867 inawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa ndani ya majuma ya kwanza. Kanuni ya 868 inadai mambo mawili: wazazi, au walau mmoja wao, au anayeshika nafasi yao kihalali, wakubali, na liwepo tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Walau mmoja. Mama yupo, amekubali, na kila Jumapili anamleta mtoto Misani. Kumsubirisha mpaka baba arudi kutoka Kongo ni kudai kitu ambacho Kanisa halikudai.

Tunajua viongozi wa jumuiya wana sababu zao, na si za kupuuzwa. Wapo watu wanaotafuta jumuiya siku wanayohitaji sakramenti au mazishi tu, kisha hawaonekani tena. Wapo askari waliofunga ndoa kituo kimoja na kuanza nyumba nyingine kituo cha pili. Mwenyekiti anayeuliza maswali anamlinda mwanamke aliyeachwa nyuma. Hilo ni kweli, na kwa upande wa ndoa hatusemi milango ifunguliwe bila uchunguzi. Jeshi lenyewe lina taratibu zake za vibali vya ndoa, na Kanisa nalo lazima lijiridhishe kwamba hakuna kizuizi.

Lakini uchunguzi huo ni kazi ya parokia, si mzigo wa kumtwisha mama mgeni. Askari hubadilisha vituo. Parokia aliyobatizwa haibadiliki. Kanuni ya 535 inaagiza ndoa iandikwe katika kitabu cha ubatizo, pembeni mwa jina la mhusika. Kwa hiyo barua moja ya paroko kwenda parokia ya ubatizo, au simu ya paroko kwa paroko ikifuatiwa na barua, inaweza kueleza zaidi kuliko miezi sita ya kumhesabia mama mahudhurio. Na hata pale ndoa inapokuwa na kasoro, kasoro hiyo si ya mtoto anayesubiri maji ya ubatizo.

Lipo jambo jingine, nalo ni la moyoni zaidi: shaka. Mwanamke anayeishi peke yake huangaliwa. Fundi akija kurekebisha paa, majirani wanahesabu saa alizokaa. Akivaa vizuri, anaulizwa anamvalia nani. Tunaposoma kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 11, huwa tunahubiri juu ya dhambi ya Daudi na toba yake. Tukumbuke pia kwamba habari ile inaanzia kwenye nyumba ya askari. Uria yuko vitani Raba, mke wake amebaki mjini, na mwenye mamlaka aliyepaswa kumlinda ndiye aliyemtumia watu wamlete. Maandiko hayamlaumu Bathsheba kwa kubaki peke yake. Nabii Nathani alitumwa kwa mfalme. Jumuiya inayojua kusoma habari hiyo itakuwa ukuta wa kumkinga mke wa askari, haitakuwa dirisha la kumchungulia.

Na Torati ilikuwa imekwisha kumwona mwanamke huyu. Kumbukumbu la Torati 24:5 inaagiza kwamba mwanamume aliyeoa karibuni asiende vitani. Akae nyumbani mwaka mzima amfurahishe mke wake. Leo hatuwezi kumwamuru kamanda afuate sheria hiyo. Tunachoweza ni kushika nia yake, kwamba furaha ya mke wa askari ni jambo ambalo Mungu analihesabu.

Katika nchi nyingine Kanisa limeweka utaratibu maalumu. Kwa hati ya tarehe 21 Aprili 1986, Papa Yohane Paulo II alipanga upya majimbo ya kijeshi, na waamini wake si askari peke yao, ni pamoja na wake na watoto wao. Mke wa askari wa Marekani anayeishi kwenye kituo cha jeshi nchini Ujerumani yuko chini ya jimbo la aina hiyo; akihamishwa, jimbo lake linahama naye. Majirani zetu Kenya na Uganda wanalo. Tanzania hatuna. Maana yake si kwamba mke wa askari wa Mtabila hana mchungaji. Mchungaji wake ni paroko wa eneo, na kundi lake ni jumuiya ya mtaa anaoishi. Tusipompokea sisi, hakuna ofisi nyingine ya Kanisa inayomsubiri.

Tena si mgeni mpya katika nchi hii. Mwaka 1918, jeshi la Wajerumani liliposalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, askari Waafrika walikuwa na wake zao na watoto. Wanawake hao walikuwa wamefuata vita kwa miguu, wakipika, wakibeba mizigo, wakijifungua njiani. Msafara wao ulivushwa ziwani, ukapitia Kigoma kuelekea Tabora. Jeshi liliishi kwa jasho la wanawake ambao halikuwaajiri. Zaidi ya miaka 100 imepita, na bado mke wa askari anabeba sehemu ya utumishi ambayo haina cheo wala nishani.

Basi tufanye nini? Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenyekiti wa jumuiya akisikia kuna familia mpya ya askari, aende nyumbani kwao wiki hiyohiyo, aandike majina yao, na jumuiya isali kwao zamu inayofuata. Barua za nyuma zitafuata baadaye. Mama apewe kazi: asome somo, afundishe watoto, ashike daftari la michango. WAWATA, waliotimiza miaka 50 mwaka 2022, wanajua kumkalia mzazi na kumliwaza mfiwa. Wajue pia nani kati yao ana mume misheni, ili siku redio inapotangaza habari mbaya, awepo mtu wa kukaa naye kabla majina hayajatoka. Anapohama, asiondoke kimya. Apewe barua mkononi, na paroko ampigie simu mwenzake wa huko aendako.

Nasi tunaojiandaa kwa upadre, tuisome kanuni ya 529: paroko ajitahidi kuwafahamu waamini wake, atembelee familia zao, na awatafute kwa bidii ya pekee maskini, wanaoteseka, wapweke na walio mbali na nchi yao. Neno ni awatafute. Mama aliye benchi la nyuma hatakuja ofisini kujieleza mara ya tatu. Misa ikiisha, kabla hajafika mlangoni, mtu amfuate amwulize jina, na jina hilo liandikwe siku hiyohiyo.