Dalali wa Maneno

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeikumbuka methali hiyo mara nyingi katika miaka hii ambayo biashara ndogo ndogo zimehamia kwenye intaneti, kwa sababu nyuma yao amehamia pia mtu ambaye sote tunamfahamu vizuri: dalali. Zamani aliuza viwanja, nyumba na magari yaliyochoka. Siku hizi anauza maneno. Simaanishi maneno matamu, ingawa nayo anayo tele. Nasema maneno yenyewe, yale yaliyomo kwenye kamusi. Anamwendea muuza asali na kumwambia kwamba kuna jina la tovuti lenye neno "asali" ndani yake, kwamba wanaotafuta asali watamiminika wenyewe, na kwamba asipolichukua leo, kesho litakuwa la mshindani wake. Nataka kusema wazi, bila kutafuna maneno, kwamba biashara hii ni ulanguzi, na mwenye duka dogo hana sababu ya kuitajirisha.

Kazi yangu mimi ni kuwawekea hesabu wafanyabiashara wadogo. Vitabu vyao hupita mikononi mwangu kila mwisho wa mwezi, na kwa hiyo naona fedha zao zinakokwenda kabla wao wenyewe hawajaona. Mmoja wao ni mama muuza vitenge. Katika kitabu chake cha mwaka juzi kulikuwa na malipo ya dola 800 kwa ajili ya jina la tovuti, fedha ambazo zingemtosha kuongeza mzigo dukani. Nilipomuuliza alichonunua, alinijibu kwa furaha, "Nimenunua neno, mwanangu. Sasa mtu akitafuta vitenge duniani, ananikuta mimi." Hawakumkuta. Mauzo yake yaliendelea kutoka pale yalipotoka siku zote: kwa wateja waliomjua, na kwa wale walioletwa na wateja waliomjua.

Ndugu msomaji, tuelewane kwanza kinachouzwa ni nini. Kompyuta zilizounganishwa na intaneti hutambuana kwa namba. Kwa kuwa binadamu ni mzito wa kukumbuka namba, mwaka 1983 ulibuniwa mpango wa kuzipa majina, na tarehe 15 Machi 1985 kampuni ya kompyuta ya Marekani iitwayo Symbolics ikasajili jina la kwanza linaloishia kwa .com. Kwa miaka kumi hivi kusajili jina kulikuwa bure. Ada ilianza mwaka 1995, dola 100 kwa miaka miwili, na tangu hapo imeshuka sana. Kuanzia Septemba 2024 Verisign, kampuni inayotunza daftari la majina ya .com, imewatoza wasajili dola 10.26 kwa jina moja kwa mwaka, nao wasajili huongeza faida yao juu yake. Hiyo ndiyo gharama halisi ya jina. Tena hata ukilipa hununui, unapanga tu. Muda mrefu kabisa unaoweza kulipia kwa mara moja ni miaka 10.

Dalali hufanya jambo moja: anawahi. Anasajili maneno mia au elfu kwa ada hiyo ndogo, anayafungia, halafu anakaa kando ya njia kumsubiri mwenye haja. Yule mama wa vitenge, kama angesajili jina lake mwenyewe kwa dola 15 kwa mwaka, zile dola 800 zingemlipia zaidi ya miaka 50. Na baada ya kumlipa dalali bado anadaiwa ada ya kila mwaka kama kila mtu. Akisahau kulipa, jina hufutwa. Hupewa siku 30 za kulikomboa kwa faini, kisha siku chache baadaye linaachiwa. Na nani yuko pale analisubiri? Dalali.

Dar es Salaam tunalo neno la malipo ya namna hii: kilemba. Anayeiacha fremu ya duka Kariakoo humtoza anayeingia kilemba, mbali na pango. Watu hulalamika, lakini kilemba kile kina maana yake. Mbele ya fremu ile wanapita watu tangu asubuhi hadi magharibi, na jirani zake wanauza bidhaa za aina moja, kwa hiyo mteja huja hata kama hakujui. Dalali wa maneno anadai kilemba cha fremu ambayo mlango wake haujapata kufunguliwa, kwenye mtaa ambao hakuna apitaye.

Sitaki kumwonea. Maneno yake yalikuwa na ukweli zamani. Katika miaka ya 1990, kabla watu hawajazoea mitambo ya kutafutia, wengi waliandika neno moja kwa moja wakaliongezea .com kuona kitakachotokea. Baadaye mitambo hiyo nayo ikawa inaupa uzito mkubwa ulingano wa jina la tovuti na neno linalotafutwa, hata tovuti tupu isiyo na maana ikaweza kukaa juu kwa sababu ya jina tu. Wajanja waliligundua jambo hilo wakalitumia mpaka likaharibika. Mwezi Septemba 2012 Matt Cutts wa Google alitangaza kwamba kampuni hiyo inabadilisha hesabu zake ili tovuti duni zenye majina ya namna hiyo zisipate upendeleo. Mwaka ule ndipo hoja ya dalali ilipovunjika mgongo. Lakini yeye anaendelea kuiuza kana kwamba ni mzima, kwa watu ambao hawana njia ya kujua.

Ukimbana, atakutajia mifano mikubwa. Atasema business.com ilinunuliwa kwa dola 150,000 mwaka 1997 ikauzwa kwa dola milioni 7.5 mwaka 1999. Ni kweli. Lakini aliyepata faida pale ni muuza jina, si muuza bidhaa, na hapo ndipo mtego ulipo: mfano wa dalali aliyetajirika anapewa mwenye duka kana kwamba ni mfano wa mwenye duka. Mimi namrudishia mfano mwingine. Pets.com ilikuwa na neno lililo bora kuliko yote kwa muuza vyakula vya wanyama wa nyumbani. Februari 2000 iliuza hisa zake ikakusanya dola milioni 82.5, Novemba mwaka uleule ikatangaza kufunga. Iliuza vitu kwa bei isiyorudisha gharama, na mifuko ya chakula cha mbwa ni mizito kusafirisha. Neno halikuweza kuibeba mifuko ile. Wakati huohuo duka la vitabu lililoanzishwa mwaka 1994 na kupewa jina la mto wa Amerika ya Kusini lilikuwa linakua. Amazon halina neno "vitabu" ndani yake. Watu walijifunza jina lile kwa sababu kitabu kilifika.

Hoja yake ya pili ni kwamba maneno ni kama ardhi: hayaongezeki. Huu nao ni uongo uliovaa kanzu ya hekima. Ardhi haiongezeki kweli, lakini majina yanaongezeka kila siku, kwa sababu mtu anaweza kuunganisha maneno mawili, kuweka jina la bibi yake, au kubuni neno ambalo halijapata kusikika. Majina ya .com yaliyosajiliwa yamepita milioni 150, na bado watu wanapata mapya. Kenya ina mwisho wake wa .ke tangu mwaka 1993 na Tanzania .tz tangu mwaka 1995. Kuanzia mwaka 2013 imefunguliwa miisho mingine kwa mamia. Anayemwambia muuza asali kwamba nafasi zimekwisha anamtia hofu tu ili asipate muda wa kufikiri.

Kisha kuna jambo ambalo dalali halitaji kamwe. Neno la kawaida ni mali dhaifu mbele ya sheria. Kampuni yenye chapa yake ikiibiwa jina ina pa kwenda. Tangu mwaka 1999 upo utaratibu wa kimataifa wa kuamua mashauri hayo, na Marekani ilitunga sheria mwaka uleule. Lakini aliyelipa dola 800 kwa neno "vitenge" hawezi kumzuia jirani kuongeza herufi mbili mwishoni na kufungua duka la vitenge kando yake. Kampuni kubwa ya Booking.com ililazimika kufika Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani, na hukumu ikatoka Juni 2020, ndipo ikakubaliwa kwamba jina lake laweza kusajiliwa kama chapa, kwa sababu watu walikuwa wameshalizoea kuwa ni jina la kampuni ile na si neno tu. Angalia kilichoiokoa: mazoea ya wateja, yaliyojengwa kwa miaka na kwa fedha nyingi. Mama wa vitenge ana wakili gani wa kumfikisha huko?

Wapo watakaonijibu kwamba soko ni soko, na aliyewahi kisimani hunywa maji maji. Sikatai kuwahi. Aliyesajili jina akalifanyia kazi, hata akaja kuliuza pamoja na wateja wake, amefanya biashara halali na namwombea heri. Sikatai pia kwamba jina fupi, linalotamkika, lina faida yake. Ninachokataa ni mtu kuwahi kisimani asinywe, akakaa juu ya kifuniko na kuwauzia wenye kiu.

Wataalamu wa lugha yetu walipotafuta neno la hizi anwani za intaneti walichagua "kikoa". Sijui kama waliwaza mbali, lakini wazee wetu walilijua neno hilo kwa maana nyingine: kula kikoa ni kula pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kila mmoja akileta zamu yake. Hapakuwa na mtu aliyekaa mlangoni akiuza nafasi za kuketi jamvini. Maneno asali, nazi, vitenge na samaki hayakutungwa na dalali. Yametungwa na watu wote walioisema lugha hii, na si haki kwamba anayetaka kuyatumia kazini kwake apitie mfukoni mwa mtu ambaye hajawahi kurina asali wala kukuna nazi.

Kwa hiyo nawaambia wafanyabiashara wangu, na sasa nakwambia wewe. Tafuta jina lako mwenyewe, lile ambalo wateja wanakuitia tayari. Lisajili wewe, kwa msajili anayetambulika, na uhakikishe kwamba daftarini limeandikwa jina lako na anwani yako ya barua, si ya kijana aliyekutengenezea tovuti. Lipia miaka kadhaa kwa pamoja usije ukasahau. Fedha iliyobaki ongezea mzigo, piga picha nzuri za bidhaa, na umjibu mteja siku ileile anayokuuliza bei. Akija dalali na neno lake, mwulize swali moja tu: mwezi uliopita neno hilo limekuuzia wewe nini? Mwache ajibu kwa takwimu. Mimi nimewauliza watatu, na wote watatu walibadilisha mazungumzo.