Bahari Isiyo na Hati

Disemba 2009 waya wa baharini unaoleta umeme Unguja kutoka Ras Kiromoni, Bara, uliharibika, na kisiwa kikakaa gizani hadi Machi 2010. Ilikuwa mara ya pili. Mwaka 2008 tulikwishaonja giza la takriban mwezi mzima. Waliokuwapo Mji Mkongwe hawahitaji kukumbushwa jenereta zilizonguruma vichochoroni, wala mifereji iliyokauka kwa sababu pampu za maji nazo zinataka umeme. Waya mwingine wa megawati 100 ulizinduliwa 2013 kwa fedha za Marekani. Giza lile likaondoka, lakini swichi kubwa imebaki ng'ambo.

Kwa hiyo anayesema Zanzibar itafute umeme wake katika upepo hasemi upuuzi. Toleo hili limewapa nafasi wanaolitaka jambo hilo na wanaolikataa. Hadi leo hakuna mtambo hata mmoja wa upepo uliosimikwa baharini katika pwani yote ya Afrika Mashariki, na hiyo ndiyo sababu ya kulizungumza sasa: mkataba ukishatiwa saini, mazungumzo hugeuka kuwa taarifa.

Mhandisi akitazama ramani ataona mambo mawili. Magharibi, kati ya Unguja na Bara, maji si ya kina kirefu, lakini hapo ndipo njia ya boti, majahazi na wavuvi wa usiku, na ndipo yanapotazama majumba ya Mji Mkongwe uliomo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000. Mashariki, Paje, Jambiani na Matemwe, upepo uko wazi, ila ukivuka mwamba wa matumbawe tu, chini panazama ghafla. Itabidi mitambo ielee, kama ile mitano iliyoanza kazi Scotland mwaka 2017. Na umeme wake, ukitoka huko nje, lazima uvuke mwamba na kupita katika maji mafupi ya ndani yake ambako wanawake hufunga mwani kwa kamba na vigingi.

Upepo wenyewe nao hautulii. Wazee wetu waliuhesabu kwa miongo ya Nairuzi, siku kumi kumi, wakajua lini kaskazi inakata na lini kusi inaingia. Makunduchi bado wanaukoga mwaka huo kila Julai. Siku hizi wavuvi wanalalamika kwamba kusi huchelewa, au huja kwa hasira na kuwafungia pwani siku ambazo zamani walitoka. Mpimaji wa upepo huweka mlingoti wake mwaka mmoja au miwili, kisha akaandika makadirio ya miaka 20. Mvuvi ana kumbukumbu ya miaka 40 isiyo na tarakimu. Sioni kwa nini mmoja amdharau mwenziwe, maana hesabu za wote wawili zimeanza kupishana na bahari.

Je, watu watapinga? Watapinga, na wengine watawaita wajinga. Tazama Kenya. Mradi wa upepo wa Kinangop, megawati 60, ulikufa 2016 baada ya maandamano ya wenye mashamba. Ule wa Ziwa Turkana ulisimika mitambo yake 365, kisha mwaka 2021 mahakama ya Meru ikasema hati za ardhi hazikupatikana kihalali. Kesi ya Lamu haikuwa ya upepo, ilikuwa ya ujenzi wa bandari; mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi zaidi ya 4,000 walistahili fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76. Kote huko hakuna aliyeuchukia upepo. Walichokataa ni kuambiwa kwamba mahali wanapoishi ni patupu. (Wenye nacho pia hupinga: Marekani, wenye majumba ya ufukweni walipambana na mradi wa Cape Wind wenye mitambo 130 tangu 2001 hadi ukaachwa 2017. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na mawakili tangu siku ya kwanza.)

Unguja hili litakuwa gumu zaidi, kwa kuwa bahari haina hati. Mvuvi angalau ana diko, ana kamati, ana chombo chenye namba. Mkulima wa mwani ana vigingi tu, na kusi kali huving'oa. Pale Paje ameshabanwa na watalii wanaorushwa na tiara juu ya maji, ambao ndio wateja wa kwanza waliojua kuununua upepo wetu. Mradi ukija, ninahofu orodha ya fidia itaanza na hoteli, ishuke kwa wenye mashua, na imalizike kabla ya kumfikia yeye.

Tunaunga mkono umeme wa upepo. Lakini kabla ya mkataba wowote, serikali iandike shehia kwa shehia nani anatumia bahari ipi, katika kusi na katika kaskazi, wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, na orodha hiyo ibandikwe ukutani kwa sheha ili aliyesahauliwa aweze kuisoma na kulalamika.