Ami Yangu Hakufa kwa Homa

Ndugu zangu wa ukoo, mlioko Muscat, Dubai, Mombasa, London na hapa Australia:

Katika shajara ya nasaba niliyoiweka kwenye ukurasa huu, mbele ya jina la ami yangu mdogo niliandika maneno matatu: "alikufa kwa homa". Leo nayafuta. Ni ya uongo, na niliyaandika hali najua.

Ami alivuka nasi kutoka Unguja kwenda Mombasa baada ya Januari 1964, naye ana umri wa miaka 16. Mwaka haukutimia akaanza kunyamaza. Akaacha kusoma, akaacha kwenda msikitini, mwisho akaacha kula. Bibi alimweka chumba cha uani, na kila mgeni alipopiga hodi, mlango wa chumba kile ulitiwa komeo. Mimi ndiye mtoto niliyetumwa kumpelekea chai, na aghalabu niliirudisha imepoa. Alikufa akiwa na miaka 19. Matangani watu waliambiwa ni homa, nami, niliyekula mshahara wa ukarani miaka mingi kwa kunakili mambo kama yalivyo, hilo nikalinakili kama lilivyosemwa.

Nalisema leo kwa sababu juzi, katika sebule moja ya Auburn hapa Sydney, nimelisikia komeo lile tena. Binti wa jamaa zetu, mwenye miaka 15, hatoki chumbani, halali, na shule ameiacha. Mama yake alituuliza wazee: nimpeleke kwa daktari? Majibu yakaja kwa zamu. Mmoja alisema ni upungufu wa imani. Wa pili alisema sonona ni maradhi ya Wazungu. Wa tatu alinong'ona kuwa habari ikitoka, hata dada zake hawataposwa. Wa nne, mtu wa rika langu, alisema: sisi tulipoteza nchi wala hatukuugua. Mimi nilinyamaza. Kunyamaza kwangu ndiko kunakoniandikisha haya, nami nawajibu wote wanne.

Wewe wa imani, umesahau Nabii Yaqub? Alimlilia Yusuf hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Nani kati yetu atathubutu kusema Yaqub alipungukiwa na imani? Na Mtume wetu (S.A.W.), alipofiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib, wanazuoni waliuita mwaka ule Mwaka wa Huzuni. Hawakuona aibu kuuita hivyo.

Wewe wa Wazungu, fungua vitabu vya babu zako. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo alipambanua huzuni ambayo sababu yake yajulikana, na huzuni isiyojulikana sababu, ambayo chanzo chake alikiona mwilini. Kila moja aliipa tiba yake. Na hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 ilitenga mahali pa wagonjwa wa akili. Tulikuwa na elimu hii kabla Sydney haijawa mji. Tulioiacha ni sisi.

Wewe wa posa, nakuuliza: mchumba wapi kwa binti aliyelala kaburini? Katika nchi hii, kwa vijana wa miaka 15 hadi 24, kujiua kunaongoza sababu zote za vifo. Msidhani majina ya Kiarabu ni hirizi. Waliotangulia walituachia neno: mficha maradhi, kilio humuumbua.

Nawe rafiki yangu wa rika langu, usiseme hatukuugua. Tuliugua sana. Baba waliokaa barazani miaka mizima bila kutaja Unguja, mama walioshtuka usiku kwa mlio wa gari, ami yangu na chai yake iliyopoa: hayo yalikuwa nini? Tulikosa jina lake, na kwa kukosa jina tukaita ushujaa. Watoto wetu wamezaliwa katika kimya hicho, kisha shuleni wanaambiwa ni Waarabu, nyumbani wanaambiwa wamekuwa Wazungu. Halafu twawaambia wanadeka.

Anayetaka kombe na kisomo, asome na anywe; nami husoma. Lakini kombe lisizibe mlango wa daktari. Hapa daktari wa kawaida wa mtaani huweza kumwandikia kijana mpango wa matibabu ya afya ya akili, na Medicare ikachangia gharama za vikao hadi 10 kwa mwaka na mwanasaikolojia. Shirika la headspace, lililoanzishwa mwaka 2006, lina vituo kwa vijana wa miaka 12 hadi 25. Mzazi asiyejua Kiingereza huombewa mkalimani wa Kiarabu au Kiswahili kwa simu. Na usiku ukizidi uzito, Lifeline, iliyoanzishwa hapa hapa Sydney mwaka 1963, hupokea simu saa zote kwa 13 11 14. Penye hatari ya sasa hivi, piga 000.

Mama wa binti yule alimpeleka. Gari aliliegesha mtaa wa pili, tusilione. Aliniambia kwa machozi, akaniruhusu kuandika bila kumtaja. Binti bado mgonjwa, ila sasa anakula. Mama aliyemwokoa mwanawe alilazimika kujificha kama mwizi, na aliojificha nao ni sisi.

Shajara nimeisahihisha. Mbele ya jina la ami sasa pameandikwa: "aliugua huzuni miaka mitatu, hakutibiwa, akafa". Aliye na jina kama hilo katika tawi lake, aniletee, nitaliandika kama lilivyo.

Wabillahi tawfiq.