Tusikariri, tuanzie kwenye kibuyu chirizi



Baadhi yetu vijana hapa kambini tunajiandaa kwa mtihani wa CAPM, cheti cha kuanzia cha usimamizi wa miradi kinachotolewa na taasisi ya PMI ya Marekani. Aliyemaliza sekondari anaruhusiwa, mradi awe amesoma somo hilo kwa saa 23. Maswali ni 150, muda ni saa 3.

Kosa letu ni kukariri. Mimi nilikariri mwezi mzima, lakini kwenye jaribio nikakosa zaidi ya nusu. Wiki hiyo hiyo mama mmoja wa zoni yetu aliniuliza: "Mwanangu, mlitutundikia vibuyu chirizi, mbona vimekauka?" Niliona aibu. Tulihesabu vibuyu tu. Hatukupanga nani atajaza maji wala sabuni itatoka wapi, na wenye choo hatukuwauliza.

Hayo ndiyo yanayoulizwa kwenye mtihani: nani anahusika, hatari ni ipi, nani ataipokea kazi ikikamilika.

Maoni yangu ni kwamba tusome kwa vikundi, na kila somo tulipime kwa kazi tuliyoifanya wenyewe. Kabla ya kulipa ada, uliza kama kitambulisho chako kinakubaliwa, na jina kwenye fomu lifanane nacho. Anayeuza majibu msimpe hela.

Cheti ni kizuri, tutakwenda nacho popote. Lakini kibuyu kikikauka, mtoto anaharisha leo.