Akiba Haiozi, Hata Uwanjani

Usiku wa Januari 26, 2021, jiji la Kigali lilikuwa limefungwa ili kuzuia kuenea kwa ugonjwa wa korona. Hata hivyo, watu wengi walishindwa kujizuia, wakatoka majumbani na kushangilia barabarani. Timu ya taifa ya Rwanda, Amavubi, yaani Nyigu, ilikuwa imeishinda Togo mabao 3-2 mjini Limbe, nchini Kamerun, na kuingia robo fainali ya CHAN, mashindano ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao wenyewe.

Katika shangwe hizo lilikuwamo funzo ambalo aghalabu husahauliwa. Nahodha Jacques Tuyisenge, aliyesawazisha bao la pili, aliumia na kulazimika kutoka. Ernest Sugira akainuka benchini, akaingia, na baada ya muda mfupi akafunga bao la ushindi. Sugira hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Januari 2016, Rwanda ilipokuwa mwenyeji wa mashindano hayo hayo, ndiye aliyefunga mabao mawili dhidi ya Gabon mjini Kigali.

Ni dhahiri basi kwamba pengo la aliyeumia huzibwa kabla halijatokea. Mwalimu wa timu mwenye busara hawafanyishi mazoezi wachezaji kumi na mmoja peke yao. Humzoesha kila wa akiba mahali pake, na wengine huwazoesha mahali pawili, ili beki wa kulia aweze kusimama kushoto siku ya dhiki. Mambo ni hayo hayo nyumbani: binti au kijana asiyepata kushika mwiko hawezi kuandaa chakula siku mama anapougua.

Sheria nazo hazimruhusu mwalimu kungoja. Klabu husajili wachezaji katika vipindi viwili tu vya mwaka. Nje ya vipindi hivyo hutegemea walio kambini na vijana wake. Katika mashindano makubwa kama Kombe la Dunia, mchezaji wa ndani aliyeumia vibaya huweza kubadilishwa katika orodha hadi saa 24 kabla ya mchezo wa kwanza wa timu yake, kwa uthibitisho wa daktari. Baada ya hapo, waliopo ndio hao hao. Na hata hilo ni nafuu. Kabla ya mwaka 1970, Kombe la Dunia halikuruhusu kumbadilisha mchezaji katikati ya mchezo. Aliyeumia alichechemea uwanjani, au timu yake ikamaliza na pungufu. Siku hizi huruhusiwa kubadilisha watano.

Hata hivyo, kuziba pengo ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni huyo aliyeumia. Kano kuu ya goti ikikatika, mchezaji huhitaji kiasi cha miezi tisa, pengine zaidi, kabla ya kurudi uwanjani. Hapo ndipo majaribu huanza: timu ikifungwa, mashabiki hulitaja jina lake, viongozi hunong'ona, na yeye mwenyewe, kwa kuchelea kusahauliwa, husema amepona. Akirudishwa kabla ya wakati, jeraha la msimu mmoja huweza kuwa mwisho wa maisha yake ya mpira. Kwa hiyo neno la mwisho hapana budi liwe la daktari, si la jukwaa. Timu yenye akiba iliyoandaliwa huweza kumngoja mgonjwa wake. Isiyo na akiba humtoa kafara.

Akiba, hata hivyo, si hirizi. Januari 31, 2021, Guinea iliifunga Rwanda 1-0, na safari ya Amavubi ikakomea hapo. Timu iliyojiandaa nayo hufungwa, lakini haifungwi kwa sababu ya kukosa mtu wa kumwingiza.

Vijana wengi huliona benchi kuwa mahali pa aibu, na wazazi wengine huwakataza watoto wao kuendelea na timu wasikopangwa. Wafahamu kwamba anayekaa pale anatunza kazi ya mwenzake, na kwamba siku yake haitangazwi mapema. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini iliyoachwa bila kufanyishwa mazoezi huoza kweli.